Usiitoe Mpaka Nirudi

Baba yangu ana duka la fotokopi, na mtaani wanamwita Mzee Fotokopi. Msidhani jina hilo limetoka kwenye duka. Limetoka kinywani mwake, maana ukimwambia jambo anakurudishia lilelile, limefifia kidogo. "Baba, nimechoka." "Umechoka, eh." "Baba, nimepata mchumba." "Umepata mchumba, eh." Ndivyo alivyoipokea habari ya harusi yangu, mkono mmoja ukiwa ndani ya mashine, akichomoa karatasi iliyokwama.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi viatu. Mna mashine ya fotokopi inayokohoa, kitambaa cha buluu cha kupigia picha za vitambulisho, stuli ya wateja iliyofungwa kamba mguuni, na kompyuta kuukuu ambayo Baba anaipenda kupita kiasi. Huipangusa vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai. Mimi mwanawe wa pekee sikumbuki ni lini alinipangusa hata kamasi.

Mama yangu ni fundi kompyuta. Wateja wanamwita Mama Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake huichomeka kwenye nywele, kisha akaitafuta karakana yake nzima huku akiwatukana wezi. Alikuwa mke wa Baba. Waliachana nikiwa bado shuleni, na kisa kilikuwa bomba. Asubuhi ya siku hiyo Mama alimwambia, "Funga bomba la jikoni kabla hujatoka, maji yanaweza kurudi." Baba akajibu, "Nifunge bomba, eh," kisha akatoka zake. Mchana Mama aliondoka dukani, alikokuwa akimsaidia kazi, akapita nyumbani mara moja, akakuta godoro linaelea na kuku wa jirani wamepanda mezani kujiokoa. Alifungasha nguo zilizokuwa bado kavu, akanishika mkono, tukaenda kwa bibi. Dukani hakukanyaga tena.

Tangu hapo, ukimuuliza Mama kwa nini ndoa yake ilivunjika, jibu ni moja tu: "Baba yako hajawahi kunisikiliza hata siku moja."

Mimi katika harusi yangu nilitaka kitu kimoja: wazazi wangu wakae pamoja meza kuu. Sikuwaomba warudiane, sina wazimu. Nilitaka nikiinua macho niwaone wote wawili kwa mara moja, bila kugeuza shingo. Wenzangu wote wana picha ya namna hiyo, na mimi sina hata moja.

Mama alikataa katakata. "Nitakuja, nitacheza, nitalia inavyotakiwa. Lakini meza moja na mtu yule? Nitamwambia anipitishie chumvi, ataniletea kijiko. Nitakaa nyuma na mashangazi zako."

Nikaenda kwa Baba. "Meza moja, eh," akasema, akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Kadi za mwaliko alizitengeneza Baba mwenyewe kwenye kompyuta yake, majina yao yote mawili juu, bega kwa bega. Nilikuwa nimepanga kuzitumia kama mtego: kadi zikishasambaa, Mama ataona aibu kukaa nyuma. Basi wiki ya kuzichapa ndipo kompyuta ilipogoma. Ukiiwasha inawaka vizuri tu, inatoa ile nembo yake katikati ya skrini, halafu inaganda hapohapo. Haizimi wala haiendelei. Unaizima, unaiwasha, nembo inakuja tena, imekukodolea macho kama mgeni asiyejua anakuaga au anabisha hodi.

Mafundi walikuja. Wa kwanza alilaumu umeme. Wa pili alilaumu diski, na diski haijui hata kujitetea. Wa tatu alisema inunuliwe kompyuta mpya, na kumbe yeye mwenyewe anauza kompyuta mpya. Wote watatu Baba aliwapa amri ileile: "Fanyeni mnavyotaka, ila huko nyuma msiguse." Wote watatu walidhani mzee ana mambo yake, wakamwacha nayo.

Nikampigia Mama.

"Kompyuta ile niliiunga mimi kwa mikono yangu," akasema. "Akishaiua, aizike."

"Mama, kadi zangu zimo humo."

"Nakuja. Lakini nakuja kwa ajili ya kadi, si kwa ajili ya mtu."

Alifika na mkoba wa vifaa, bisibisi kichwani, akapita mbele ya Baba kana kwamba anapita mbele ya nguzo. Baba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nilitaka kucheka nikajizuia. Mama akachutama mbele ya kompyuta, na kazi ya mkalimani ikaniangukia mimi.

"Mwulize baba yako imeanza lini."

"Baba, imeanza lini?" Baba alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Mama.

"Mwambie mama yako imeanza Jumatatu."

"Mwulize kama amechomoa kila kitu kilichochomekwa. Nataka ibaki skrini na kibodi tu."

"Mwambie ndiyo, kila kitu."

"Mwambie sitaki uongo wa bomba hapa."

"Hilo simwambii," nikasema. "Mwambie mwenyewe."

Hakumwambia. Akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akatoa kile kijikadi cha kumbukumbu, akakisugua meno yake kwa ufutio wa penseli polepole, akakirudisha mpaka kikalia. Akawasha. Nembo ikaja, ikaganda. Akachomoa diski kabisa na kuwasha tena. Ikaganda palepale. Mama akakaa sakafuni. Ninamjua mama yangu: akikosa jibu, anaanza kung'ata kucha ya kidole gumba, na alikuwa ameshafika nusu yake.

"Kama bila diski inaganda, basi si diski," akasema, akiiambia dari. "Kuna kitu kinaizuia. Kuna kitu kimechomekwa mahali."

Akaingiza mkono nyuma ya kompyuta, kule kwenye giza la nyaya, akapapasa.

"Usiguse hiyo!"

Sijawahi kumsikia Baba akipaza sauti namna ile. Fundi viatu alichungulia mlangoni na kiatu mkononi. Mama akageuka taratibu.

"Unasema na mimi?"

"Nasema na wewe."

"Kuna nini huku?"

"Ulisema isitolewe."

"Nani alisema?"

"Wewe. Ulisema, 'Usiitoe mpaka nirudi.' Ukaenda nyumbani." Baba akatazama viatu vyake. "Hukurudi."

Mama akaivuta kompyuta yote, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Nyuma, kwenye tundu la pembeni, kulikuwa na uvimbe uliofungwa kwa plasta ya vidonda, plasta juu ya plasta, ya chini imegeuka kahawia na ya juu ingali mpya. Akaibandua kwa ukucha uliosalia. Ndani mlikuwa na flashi, kile kidude kidogo cha kuhifadhia mafaili, chenye doa la rangi ya kucha ambalo Mama hutia kwenye vifaa vyake vyote ili wezi wakose la kujitetea.

"Mungu wangu," akasema. "Nilikuwa nanakili picha."

"Sikujua ni nini. Uliniambia nisiitoe."

"Zilikuwa zinachelewa kuingia! Nilikuambia usiitoe zisije zikakatika katikati. Ilikuwa kazi ya robo saa!"

"Hukusema robo saa. Ulisema mpaka nirudi."

Nikakumbuka siku Baba alipopaka duka rangi, akapaka pande zote na kuacha ukuta wa nyuma ya kompyuta, nami nikamcheka kwamba rangi imemwishia. Nikakumbuka mafundi watatu. Nikajifanya nasoma bei za fotokopi ukutani, ambazo nazijua kwa moyo.

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka bisibisi ikaanguka kutoka kichwani, na aliponyamaza alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye vumbi, uso mzima michirizi.

"Wewe mwanamume," akasema. "Nimekwambia funga bomba. Nimekwambia usikoroge chai kwa kalamu. Nimekwambia ukikoroma geukia ukutani. Katika yote hayo, ukachagua kusikia hili?"

"Hayo mengine ulikuwepo wa kuyarudia," Baba akasema. "Hili lilikuwa la mwisho."

Mama akaiokota bisibisi, akaichomeka kichwani, akazikosa nywele mara mbili.

"Basi nimerudi," akasema. "Itoe."

Baba akapiga magoti. Aliichomoa kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mama akarudisha diski, akawasha. Nembo ikaja, ikakaa kidogo, ikaondoka, na skrini ikafunguka yote, picha yangu ya siku ya kwanza ya shule ikiwa imetandazwa pale.

"Kompyuta ikiamka inaviita vyote vilivyochomekwa, kimoja kimoja," Mama alieleza, bila kumpitia mkalimani. "Miaka yote hiki kilikuwa kinaitika; sasa kimekufa, hakiitiki. Nayo inakaa inangoja. Jinga kama mwenyewe."

"Jinga kama mwenyewe, eh," Baba akasema, na nilimwona akitabasamu.

Kadi zilichapwa siku hiyohiyo, Mama akizikata kingo na kulalamika kwamba majina yameandikwa kwa herufi za matangazo ya mikutano. Alipokuwa anafunga mkoba wake, alisimama mlangoni, akasema bila kumtazama mtu:

"Siku ya harusi wahi ukumbini. Shika viti viwili vya mwisho meza kuu. Usinyanyuke mpaka nije."

"Nisinyanyuke mpaka uje, eh."

Basi. Siku ya harusi Baba alifika ukumbini kabla ya viti, akawangoja wapanga viti waviteremshe, akachagua viwili, akakaa kimoja na kuwekea kingine koti lake. Mjomba ndiye aliyenishika mkono kuniingiza. Mshereheshaji akaomba watu wote wasimame kumpokea bibi harusi, na ukumbi mzima ukasimama, isipokuwa mtu mmoja. Mama mkwe wangu alinuna papo hapo. Baba alinitazama machozi yakimtiririka, mikono yote miwili imeng'ang'ania kiti, lakini hakunyanyuka. Wapiga picha walimwita, hakunyanyuka. Wakwe walikuja kumsalimia, akawasalimia akiwa ameketi kama chifu. Vinywaji vilipita, akanywa, vikapita tena, akanywa tena, maana hakujua kukataa, na nikaona ameanza kukunja miguu.

Mama alikuwa nyuma ya spika, akimtukana mpiga muziki ambaye kompyuta yake imeganda. Alitokea chakula kikiwa kimeshaanza kupoa, vumbi kwenye gauni jipya, bisibisi kwenye nywele zilizosukwa kwa siku nzima. Mashangazi wakamwita kule nyuma. Akawapita. Akaja meza kuu, akaliondoa koti, akaketi. Nikainua macho, nikawaona wote wawili kwa mara moja, bila kugeuza shingo.

"Haya," Mama akamwambia, akivuta sahani yake. "Nimekuja. Sasa nenda msalani."