Mlima wa Bluu na Maji Yake

Baba alipolazwa hospitali Same, mama alishuka kutoka kwetu Vudee, milimani, na kikapu kimoja tu, akidhani atakaa siku mbili tatu. Akakaa msimu mzima. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi kwenye intaneti kafe moja pale mjini, chumba kirefu chenye mapazia mazito ya kuzuia jua na feni iliyozunguka taratibu kama inayowaza jambo. Saa za mchana za kuona wagonjwa zikiisha, mama hakuwa na pa kwenda hadi zile za jioni. Basi alikuja kukaa na mimi.

Mwanzoni alikaa kwenye benchi, macho yake yakifuata vumbi lililoelea kwenye mwanga uliopenya pazia. Joto la Same huwalegeza watu wa milimani. Alasiri moja wateja hawakuwepo, nikamvutia kiti kwenye kompyuta ya pembeni, nikamfungulia mchezo niliokuwa nimeukuta kwa bahati tu nikibofya huku na huko. Siku hizo michezo ya namna ile ilikuwa mingi. Hukupakua chochote, ulifungua ukurasa, ukasubiri kidogo, mchezo ukaamka humo humo ndani ya kivinjari.

Jina lake liliandikwa kwa herufi za nchi ya mbali, sikuweza kulisoma. Ulikuwa na mlima wa bluu uliofunikwa ukungu, na vijibustani vikavu vilivyoshuka ngazi kwa ngazi hadi bondeni. Juu kabisa palikuwa na bwawa. Kazi yako ilikuwa kuziba na kuzibua mifereji ili maji yateremke, na kila yalipogusa udongo, majani yalichipua polepole, kama mtoto anayefumbua macho. Hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye mlima ule, wala adui, wala alama za kushindania.

Mama aliangalia kwa muda. "Hii si ndiva?" akauliza.

Ndiva kwetu Upareni ni bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Alipokuwa msichana alikuwa akitumwa alfajiri kwenda kuzibua maji ya zamu ya kwao.

"Ni mchezo tu, mama."

"Naona. Sasa nizibue wapi?"

Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukaisogeza mausi pamoja. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. Maji yakatoka bwawani, yakasita, yakashika mfereji. Mama akavuta pumzi kama mtu aliyeingia chumba cha baridi.

Tangu siku hiyo tulicheza kila alasiri. Jioni tulipokwenda wodini, baba, ambaye sauti yake ilikuwa imepungua sana, aliuliza, "Leo mmefika wapi?" Mama akamweleza bustani ipi imelowa na ipi bado, kwa sauti ile ile aliyomwelezea habari za shamba la maharage lililobaki nyumbani. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Wakati mwingine alitikisa kichwa, wakati mwingine alisema, "Hapo subirini, msiharakishe."

Kitanda cha jirani alilazwa mzee mmoja wa Kimasai kutoka tambarare. Alisikiliza siku kadhaa. Jioni moja akageuka.

"Mama, na ng'ombe wanakunywa wapi huko?"

"Hakuna ng'ombe huko, mzee wangu."

Mzee akafikiri. "Maji yote hayo, na hakuna ng'ombe!" Akageukia ukuta, amesikitika kweli kweli. Baba alicheka mpaka nesi akaja kutazama. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Baba alifariki asubuhi moja kabla ya vuli, maji yetu yakiwa hayajafika bondeni. Tulimpandisha Vudee, tukamzika nyuma ya nyumba karibu na migomba, kwaya ya usharika ikiimba ndani ya ukungu hata sikuweza kuona nyuso zao. Mama akabaki mlimani na shamba lake. Mimi nikarudi mjini. Kafe ilikuja kufungwa, kila mtu akawa na intaneti mfukoni, na baadaye nikafungua kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi.

Miaka ilipita. Siku moja mama akaniuliza kwenye simu, kama mtu anayeulizia jamaa, "Hivi ile bustani yetu bado ipo?"

Anwani ya ukurasa nilikuwa bado naikumbuka. Niliifungua, na mahali pa mlima pakawa na kiboksi cha kijivu. Nikadhani mtandao unasumbua. Nikajaribu kesho yake, na wiki iliyofuata. Fundi mmoja wa kompyuta akanieleza kwamba kile kiprogramu kilichokuwa kikiendesha michezo ile kimestaafishwa, vivinjari havikipokei tena. "Michezo yote ya zamani imezimika, dada," akasema. "Ipo, lakini haiamki."

Maneno hayo yalinikaa. Nikiwa nachapa barua za watu nilikuwa nauwaza mlima ule umesimama mahali gizani, maji yake yamesimama katikati ya mteremko.

Kumbe kulikuwa na watu, waliotawanyika nchi mbalimbali, waliokuwa wakiiokota michezo ile mmoja mmoja kabla kurasa zake hazijafutwa, wakaiweka pamoja na programu mpya ya kuiamsha. Nilikuta baraza lao mtandaoni. Jina la mchezo sikulijua, basi nikaweka anwani ile ya zamani, nikaongeza kwa Kiingereza changu cha shule: mlima wa bluu, maji, mifereji, hakuna watu. Wiki zikapita kimya. Kisha mtu nisiyemjua akanitumia picha, akauliza, "Ni huu?"

Nilitazama picha ile mpaka mteja aliyekuwa mbele yangu akauliza kama naumwa.

Mtu yule alinielekeza namna ya kuupakua na kuucheza bila intaneti. Akaandika pia kwamba aliuhifadhi bila kujua kama yupo mtu anayeukumbuka, na angependa kujua niliucheza na nani. Nikamwandikia habari za mama na za wodi. Akajibu kwamba amesoma mara nyingi, na kwamba kwao theluji ilikuwa inaanguka.

Nikampigia mama kumwambia bustani imepatikana, na Jumamosi nikapanda Vudee na laptopu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nayo?"

Alinawa mikono, akaifuta kwa kanga, akakaa mezani wima kama anayesubiri kupigwa picha. Nikafungua. Kioo kikawa cheupe kwanza, kisha mlima ukajitokeza, bluu ile ile. Halafu tukasikia maji.

Tulitazamana. Kule kafe kompyuta ile haikuwa na spika. Miezi yote ile tulicheza kwenye ukimya. Sasa maji yalikuwa yanachirizika, vyura wanaita kwa mbali, na nyuma ya yote mwanamke alikuwa anaimba kwa kufumba midomo, taratibu, kama anayetandika mkeka chumba cha pili.

"Kumbe kulikuwa na sauti," mama akasema. Akasikiliza tena. "Kumbe kuna mtu humo."

Hakugusa kitu kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka bila kelele, naye hakuyafuta wala hakuonekana kuyajali. Kisha akashika mausi mwenyewe, akaanza kuzibua. Sikumsaidia. Aliziba huku, akaachia kule, akasubiri mfereji ujae kabla ya kufungua mwingine, na mchana ukawa unasogea dirishani bila sisi kuuona. Maji yalipofika bondeni, mlima wote ukawa kijani, ukungu ukaufunika polepole, na ulipoondoka, bustani zilikuwa kavu tena.

Nilimgusa bega. "Pole, mama. Inaanza upya."

"Pole ya nini? Maji ndivyo yalivyo," akasema, akizibua.

Jirani yake, mama mmoja wanayeimba naye kwaya, akaja kuazima ungo. Akasimama mlangoni, akasogea, akavuta kigoda. Nilitoka nje kupumzisha macho. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na chini kabisa tambarare ya Same ilionekana vipande vipande, ya njano, inang'aa kwa jua. Ndani walikuwa wameanza kubishana kwa Chasu, Kipare chetu, mfereji upi ufunguliwe kwanza.