Annick wa Ubaoni

Katika kitabu alichoachiwa Nestor na mwalimu mmoja aliyehama, kila neno la Kiingereza lilikuwa na maana yake, na chini ya maana kulikuwa na mfano wa sentensi. Theluji ilifunika paa la kanisa. Shangazi alikosa treni ya asubuhi. Watoto walilisha bata bwawani. Nestor aliinakili mifano hiyo ubaoni kwa mwandiko wake mzuri wa shule za Uvira, kwao Kongo, nyuma yake upepo wa kambi ya Kakuma ukigongagonga mabati ya kanisa walimosomea, na wanafunzi wake, karibu wote akina mama, wakairudia bila kuona chochote akilini mwao.

"Mwalimu," Akal alisema siku moja. Alikuwa Mturkana aliyeleta makaa kambini kila asubuhi na kubaki hadi darasa liishe. "Hii theluji, mbuzi anakula?"

"Hapana, mama."

"Sasa tunaisoma ya nini?"

Darasa lilicheka, naye Nestor akacheka. Jioni hiyo alikifunga kitabu. Maneno aliyaacha yalivyo, na maana zake, lakini mifano aliamua kuitunga mwenyewe. Neno la wembamba lilipata sentensi yake kutoka kwenye vichochoro vya Kakuma Moja. Neno la ukame halikuhitaji kutafutiwa. Akina mama wakaanza kukumbuka. Neno lililokuja na vumbi, au na foleni ya maji, lilikaa kichwani.

Halafu ikafika zamu ya neno *return*. Nestor aliandika kwamba maana yake ni kurudi. Chaki ikasimama kidogo. Kisha mkono wake ukaandika, kwa Kiingereza, sentensi ambayo mdomo wake haukuwahi kuitamka kwa lugha yoyote: binti yangu Annick alikwenda sokoni na hakurudi.

Wanafunzi waliisoma kwa sauti. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwao Annick alikuwa kama yule shangazi wa treni, mtu anayeishi ndani ya Kiingereza tu, aliyeumbwa ili vitenzi vipate mtendaji. Nestor aliposikia jina hilo likisemwa na watu wengi kwa pamoja, baada ya miaka ambayo lilikuwa likisemwa na moyo wake peke yake, alihisi kitu ambacho hakukipa jina. Wiki iliyofuata alimrudisha. Annick aliazima kitana cha mama yake. Annick aliogopa radi. Annick alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Binti yangu aliimba vibaya lakini hakuacha kuimba.

"Huyu Annick yako ni mtundu," Akal alisema. "Kila siku soko, kila siku kuimba. Hana kazi nyumbani?"

"Hana," Nestor alijibu. "Nilimdekeza."

Wakacheka tena.

Aliyecheka kidogo kuliko wote alikuwa Yar, mama wa wavulana wawili, Kon na Anyang, kwa hiyo wote walimwita Mama Kon. Yar alikuwa na haraka. Mradi mmoja wa afya ulikuwa unatafuta wanawake wa kufunzwa ukalimani huko Lodwar, kisha warudi kusaidia katika wodi ya wazazi. Walitaka mtu wa Kidinka, Kiswahili na Kiingereza kiasi. Dada yake Yar, Nyakong, alikuwa amejifungua siku ambayo zahanatini hapakuwa na mtu wa lugha yake. Alisema kwa Kidinka kwamba mtoto ameacha kucheza tumboni. Alisema mara nyingi, muuguzi akamshika mkono kwa huruma, asijue anaambiwa nini. Nyakong alipona. Mtoto hakupona. Tangu hapo Yar hakuona kazi nyingine duniani isipokuwa ile ya kusimama kati ya watu wawili wa namna hiyo.

Lakini Yar hakujifunza kama wengine. Hakulichomoa neno katika sentensi yake. Alibeba sentensi nzima, kama mtu anayejua kwamba akibeba maji lazima abebe na mtungi. Ukimwuliza neno la radi, alikupa Annick na woga wake. Nestor aliliona hilo na akalipenda, na hakumsahihisha.

Siku ya mahojiano Yar alivaa kitenge cha kanisani. Alirudi kabla ya saa sita, akaketi kwenye benchi la udongo huku darasa likiendelea, na hakurudia neno hata moja. Wengine walipoondoka, Nestor alijifuta chaki mikononi akamkaribia.

"Mama Kon, walisema nini?"

"Wanasema mimi mwongo."

"Nani anasema?"

"Madam Jessica. Ile mkubwa yao." Yar alitazama chini. "Anauliza kwa Kiingereza, niambie habari ya familia. Mimi nafikiri haraka, natafuta Kiingereza ya familia. Iko ile ya ubao. Nasema, binti yangu Annick alikwenda sokoni na hakurudi."

Nestor aliketi kando yake kwenye benchi.

"Anaacha kuandika. Ananiangalia na huruma. Anauliza, lini? Mimi sina Kiingereza ya lini. Natikisa kichwa ndiyo. Anauliza ingine, ndiyo. Sasa anaangalia karatasi yangu. Karatasi inasema Kon na Anyang, wavulana wawili, basi. Anauliza, huyu msichana ametoka wapi?"

"Hukumwambia ni ya darasani?"

"Nasema Kiswahili, nasema ni ya mwalimu. Anasema, mwalimu gani anafundisha watu uongo? Anauza hadithi?" Alijifuta uso. "Anasema mkalimani akitia maneno yake, mgonjwa anakufa. Mimi najua hiyo, Mwalimu. Mimi najua kuliko yeye."

Nestor alimwambia aende nyumbani, yeye atalitengeneza jambo hilo. Lakini aliporudi kusimama mbele ya ubao alijua kulitengeneza ni kufanya nini.

Alipoandikishwa kambini, aliulizwa ana watoto wangapi. Alijibu hana. Kama angesema anaye, wangemwuliza yu hai au amekufa, na yeye hakuwa tayari kulisema neno lolote kati ya hayo mawili mbele ya mtu mwenye kalamu. Kwa hiyo akasema hana, na karani akaendelea na swali jingine. Sasa maombi yake ya kuhamia nchi nyingine yalikuwa yamefika mbali, na kila mtu kambini alijua jinsi jibu moja lililobadilika linavyoweza kuyarudisha mwanzo, au kuyazika. Angekaa kimya, jina lake lingeendelea kusubiri kwenye orodha ya safari. Angesema, Yar angepata mlango wake, naye huenda wake ukafungwa.

Asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya mradi. Jessica Ekai alikuwa mwenyeji wa Lodwar, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi wa shanga. Ofisi yake ilikuwa kontena lililoanza kupata joto. Alimsikiliza Nestor akieleza kwa Kiingereza juu ya kitabu, theluji, na mifano ya ubaoni.

"Kwa hiyo ni wewe unayewatungia," Jessica alisema.

"Ni mimi."

"Mwalimu, unajua watu wanavyouziana hadithi hapa? Wiki hii mama mwingine pia aliniletea habari ya kitana cha Annick kwenye mahojiano. Nikadhani kuna mtu anafanya biashara."

"Hakuna biashara, madam. Mama Kon hana Kiingereza kingine. Nilimpa hicho."

"Ungemwambia mtoto huyo si wa kweli."

Upepo ulipita nje ukiburuta karatasi ya nailoni kwenye changarawe. Nestor aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ni wa kweli," alisema. "Ni wangu."

Jessica alivaa miwani.

"Bon, sawa. Nitakueleza," Nestor alisema, na alipoanza, Kiingereza chake kizuri kilimkimbia. Aliendelea kwa Kiswahili cha kwao. Risasi zilianza upande wa soko. Annick alikuwa ametumwa chumvi, na aliyemtuma ni yeye baba yake. Alimtafuta mpaka watu wakamvuta kwa nguvu kuelekea ziwani, kwenye mitumbwi. Hakuona mwili. Hakuona kiatu. Hakuna alichokiona.

Jessica hakuandika mpaka Nestor alipomaliza.

"Swali kuhusu Yar nimeshalituma ofisi ya usajili," alisema polepole. "Siwezi kulifuta kwa kusema tu mtu alinieleza. Nahitaji maelezo yako, na jina lako, na namba yako. Na wao watafungua faili lako, waone umesema nini huko nyuma."

"Wataona nilisema sina mtoto."

"Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, madam."

Alimsogezea karatasi. Nestor aliandika kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, bila kufuta. Jessica alisoma, kisha akasema kwamba Yar aje kesho, atahojiwa upya, na safari hii kwa Kidinka kwanza, kuwe na mtu wa kutafsiri. Kuhusu faili la Nestor hakumwahidi kitu. Alisema tu kwamba kuna watu wanaotafuta waliopotezana, na kwamba jina la mtoto ambaye hakuandikwa popote huwa halitafutwi na mtu. Kama angependa, atamwonyesha mlango wao.

"Leo?" Nestor aliuliza.

"Wapo mpaka saa kumi."

Yar alikuwa nje, amechuchumaa kwenye kivuli chembamba cha kontena, chini ya dirisha lililokuwa wazi, na Akal kando yake na gunia tupu la makaa. Walisimama wote wawili.

"Kesho asubuhi, Mama Kon. Watakuuliza kwa Kidinka. Sema ya kwako tu."

Yar aliufunika uso wake kwa ncha ya kitenge. Akal alimpiga begani akimwambia asilie bure, kesho ndiyo siku yenyewe. Kisha Akal akamgeukia Nestor, akamtazama macho yaliyovimba, na ule utani wake wa kila siku haukutoka.

"Mwalimu. Mimi nilicheka yeye."

"Hata mimi nilicheka, mama. Hapana kujali."

Walitembea pamoja kuelekea mlango wa watafutaji alioonyeshwa, ng'ambo ya uwanja, jua likiwa limewaka sawasawa. Katikati ya uwanja Yar alipunguza mwendo.

"Sasa Annick ana miaka ngapi?" aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Nestor swali hilo. Alihesabu kwa vidole.

"Ishirini na mbili," alisema. "Atatimiza mwezi wa tisa."

"Mkubwa," Yar alisema. "Labda anakupita urefu."

"Labda," Nestor alisema. "Mama yake alikuwa mrefu." Akavua kofia yake, akabisha hodi.