Namba Ndani ya Buti

Mara ya sita Koplo alipofika masjala ya jeshi, karani alimwambia tena kwamba amekufa. Hakumwambia kwa ubaya. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikwisha kumzoea mzee huyu hadi akawa anamwekea nafasi kwenye benchi, upande wa feni. Lakini kompyuta haikuwa na huruma ya feni. Namba yake ya jeshi ilikuwa ya askari aliyefia vitani, na marehemu hapewi kitanda hospitalini.

"Mzee wangu, mimi nakuona," karani alisema. "Unakohoa, unanilalamikia. Ila hapa linaloongea ni faili."

"Basi liulize lilinizika wapi."

Binti yake, aliyeomba ruhusa kazini kwa mara ya tatu mwezi ule ili amshike mkono barabarani, akamfinya kiganja anyamaze. Koplo akatii. Alikuwa amechoka hata na maneno yake mwenyewe.

Kusema kweli hakuwahi kuwa koplo. Aliingia vitani askari wa kawaida na akatoka askari wa kawaida, bila cheo na bila pensheni. Ukoplo alipewa na majirani kwa sababu ya mwendo wake. Riziki yake ilitoka kwenye brashi. Nusu ya maduka ya mtaa wao yalikuwa na maandishi yake ukutani, herufi nene zenye kivuli upande wa kulia, na watu walimfuata yeye hata kama mchoraji mwingine wa mabango alikuwa karibu zaidi. Sasa jicho la kushoto lilikuwa limezima kabisa na la kulia lilikuwa linafunikwa na mtoto wa jicho. Mwezi uliopita alimwandikia kinyozi mmoja bango, na neno la mwisho likapanda juu ya dirisha. Kinyozi alimletea chai tu, na ile chai ndiyo iliyomuuma.

Daktari wa macho wa hospitali ya jeshi alisema jicho la kulia linatibika kwa asubuhi moja. Matibabu ndiyo haki pekee waliyobaki nayo askari wa muda kama yeye, na kwa miaka mingi aliyapata kwa kadi ya karatasi, haulizwi kitu. Kisha wakaingiza kila kitu kwenye kompyuta, na kompyuta ikachimbua kosa lililolala miaka arobaini na miwili. Hospitali nyingine zilikuwepo, lakini bei zao hata binti hakutaka kuzitaja mbele yake. Kwa hiyo ama faili linyooke, ama giza.

Kosa lenyewe Koplo alilijua vizuri, maana lilikuwa hadithi yake ya kuchekeshea watu. Kambini kwao kila buti lilipigwa chapa ya moto kwa ndani, tarakimu nne za mwisho za namba ya mwenyewe. Mganga wa kikosi alisoma buti, mtunza stoo alisoma buti. Sura ya mtu haikusaidia sana wakati wote mmepakwa tope lile lile. Rafiki yake alikuwa kijana mwembamba waliyemwita Kijiti, mwili wa mtoto na miguu ya jitu. Buti alizopewa zilimbana hadi kucha zikang'oka, na za Koplo zilikuwa zinampwaya. Wakabadilishana, wakafurahi wote wawili. Wiki ya tatu kombora likaanguka mahali pa kutekea maji, na Kijiti akafa ameshikwa mkono na Koplo. Mganga akaja, akasoma buti, akaandika.

Koplo alimweleza sajenti siku ile ile. Sajenti akasema atarekebisha. Vita vilipokwisha Koplo akarudi nyumbani, akakuta uani pamejaa watu wamekaa chini, akauliza nani kafa. Wakamwambia ni yeye. Hapo ndipo wasikilizaji wake walipokuwa wakishika mbavu, miaka yote, kwa kinyozi, kwenye harusi, popote. Mama yake aliichana barua ya jeshi vipande vidogo vidogo akaitia motoni.

"Leo nimepata kitu," karani alisema. Akaweka mafaili mawili mezani, yote ya kahawia, moja limeliwa na mende pembeni. "Hili ni lako, umekufa. Hili la pili ni la mwenzako. Siku ya kuvunja kambi, aliyerudisha buti zenye namba yake aliandikwa kuwa ni yeye. Karejesha vifaa, kamaliza, karuhusiwa. Dole gumba la kuingia jeshini ni la mtu mmoja, la kutoka ni la mwingine. Hili la kutoka nadhani ni lako."

"Ni langu," Koplo alisema. "Buti nilizovaa zilikuwa zake."

"Basi tunashukuru. Nikipata ndugu yake athibitishe kwamba hakurudi, nayabadilisha yote mawili, na wiki ijayo uko kwa daktari." Akafunua karatasi ya mwisho. "Hata nakala ya barua waliyopelekewa kwao ipo. Ndugu yenu amemaliza utumishi salama na ameruhusiwa kurudi nyumbani."

Koplo akamwomba aisome tena. Karani akaisoma tena, polepole, akidhani mzee hakusikia.

Alikuwa amesikia. Miaka arobaini na miwili alikuwa akisimulia habari ya barua iliyokwenda kwao kimakosa, na hakujiuliza hata siku moja barua ya Kijiti ilikwenda na maneno gani. Alidhani jeshi limewaambia. Tena hakudhani, hakuwaza kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Siku ya tatu wakampata dada yake Kijiti, kwenye nyumba ile ile iliyoandikwa kwenye fomu ya kuingia jeshini. Alikuwa dobi. Walimkuta barazani anapiga pasi shati za watu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkono mmoja mkubwa kuliko mwingine kwa kazi ya pasi. Aliwakaribisha viti bila kuacha kazi.

"Shikamoo dada," Koplo alisema, ingawa huenda walilingana.

"Marahaba. Kama ni nguo, sipokei mpya hadi Jumatatu."

"Si nguo. Nilikuwa jeshini na mdogo wako."

Pasi ikaendelea kwenda na kurudi. "Yeye hajambo?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mdeni. "Ukimwona mwambie mama alishakufa. Alikaa mlangoni miaka mitatu na ile barua, baadaye akakataza jina lake lisitajwe humu ndani. Alisema mwanangu kamaliza salama, kachagua kwao kwingine. Na mimi niliapa akirudi simfungulii."

Binti alitoa fomu ya uthibitisho waliyopewa na karani, akairudisha kwenye mfuko. Koplo alieleza yote, buti, maji, kombora, mkono. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye stoo ya kambi, aliporudisha buti, akaomba maji, akanywa, akamalizia. Dada alikuwa amekwisha kuiweka pasi kando.

"Kwa hiyo hakwenda popote," alisema.

"Hakwenda popote. Alikuwa anasema akitoka atakuletea kitambaa cha gauni. Nilipaswa kuja mimi. Sikuja."

"Miaka yote hiyo nimemnunia maiti."

Koplo alisema, "Kuna karatasi ya kutia dole. Kwa ajili ya jicho langu, sikufichi. Ukiona ni nzito, tunaondoka na karatasi yetu, na sitakulaumu."

Binti alimgeukia baba yake, mkono juu ya mfuko wenye fomu.

Dada alinyoosha mkono apewe fomu. Hakuisoma. Akabonyeza dole kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akalifuta kwa kanga yake na si kwa kitambaa alichopewa. Akazikunja zile shati, akazitia kapuni zikiwa hazijakwisha, akasukuma meza ukutani ili baraza ipate nafasi.

"Mwanangu, una simu?" alimuuliza binti. "Nitakupa namba za watoto wangu. Waambie waje nyumbani leo. Waambie mjomba wao amefariki."

Binti akaanza kupiga. Koplo akatoka kwenye kiti, akakaa chini.