Shangazi Aliyeokoteza Ufundi

Shangazi yangu hasemi kwamba alijifunza kukata nguo. Anasema aliokoteza, tena anasema bila haya. Neno hilo lilikuwa likiniudhi. Kuokoteza ni kuchukua kimoja hapa, kingine pale, vile vilivyoangushwa na wenye navyo. Mtu huokoteza vijiti, huokoteza habari za watu. Lakini ufundi?

Kwa miaka kumi na mmoja alifagia karakana ya sare za shule, hapo hapo ninapoweka vifungo. Mkuu wa wakataji, Mzee Chaki, akishika tu mkasi, ufagio wa shangazi unaanza kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Nyumbani alikata magazeti, akakata mashuka yaliyochakaa, hadi mumewe akaanza kuficha shuka lake.

Siku nafasi ya mkataji ilipotangazwa, shangazi alijitosa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Cheti?" akauliza Mzee Chaki.

"Sina. Nimeokoteza."

Karakana nzima iliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alitandika kitambaa cha mashati, akasema, "Kata mbele na mgongo. Ukiharibu, unarudi kwenye ufagio, na usije kuniomba tena."

Shangazi akashika mkasi kwa mkono wa kushoto. Nikashangaa, maana anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, na mimi makofi yangu ya utotoni yote yalitoka kulia. Mkasi wenyewe ni wa mkono wa kulia, unamziba asione mstari. Akainama, akapuliza makali mara mbili, akakata. Mkato wake ulianzia upande ambao hakuna fundi anayeanzia, lakini mkasi haukusita hata kwenye mzunguko wa shingo.

Mzee Chaki alipima kwa utepe. Akapima tena, uso umekunjamana.

"Hiyo ya kupuliza mkasi umeitoa wapi?"

"Kwako, fundi."

"Na kushoto? Mimi natumia kulia!"

"Mimi nilikuwa nasimama ng'ambo ya meza, tunatazamana. Mkono wako wa kazi ulikuwa upande wangu huu." Akaunyanyua ule wa kushoto. "Ningejuaje? Sikuwa na wa kumuuliza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi nilijionea aibu, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa hatua sita kutoka kwake, na wala sikuona kwamba anasoma.

Mzee Chaki aliviweka vile vipande juu ya rundo la vyake, akaenda kwenye dirisha la stoo.

"Niagizie mkasi wa mkono wa kushoto."

"Kushoto? Wa nani tena huyo?" akauliza wa stoo.

"Wa mwanafunzi wangu," akasema mzee. "Nimemfundisha miaka kumi na mmoja."

Shangazi akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti mbele yetu sote.