Sema Kwanza Hii Bahari Ni ya Nani

"Msiwaguse hao, wako kwenye maji yetu."

"Yenu tangu lini? Rasi yenyewe mmeiteka mwezi uliopita, leo mnataka na—"

"Hatujaiteka, imerudi nyumbani. Na bahari yake imerudi nayo."

"Bwana wewe, bahari hairudi—"

Hao ni walinzi wa bahari wawili, wanagombana redioni mchana kweupe. Wa kwanza ni wa kaskazini, walioichukua rasi; wa pili ni wa kusini.

Wanachogombania ni sisi. Meli ndogo iliyobeba saruji, watu sita, injini imezima, upepo unatusukuma kwenye miamba.

Mimi ndiye nimeshika redio.

Kapteni akaninyang'anya kipaza sauti. "Jamani, tunaomba kuvutwa. Na yeyote."

Wa kaskazini akajibu taratibu. "Sema kwanza uko kwenye maji ya nani. Tunarekodi."

Wa kusini akadakia. "Ukisema yao, wakuvute wao."

Kapteni akanigeukia. "Si ulisoma sheria wewe?"

"Miaka miwili, Kapteni. Hii ilikuwa mada ya mwaka wa tatu."

Kwa kawaida nikiropoka hivyo meli nzima inacheka. Siku hiyo hata mimi sikucheka.

Mjomba wangu, fundi wa injini, akapanda kutoka chini, grisi mpaka kwenye kope.

"Injini imegoma kabisa. Na miamba naiona kwa macho yangu, mpwa. Mwambie yeyote, chochote."

Nikabonyeza. "Tuko kwenye maji ya kaskazini."

Unajua kwa nini? Boti yao ilikuwa karibu zaidi. Basi. Hiyo ndiyo sheria yote niliyobaki nayo kichwani.

Wa kusini akageuza boti yake, ikaanza kuondoka.

Wa kaskazini wakaja. Bendera mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Afisa wao hakuturushia kamba. Alirusha karatasi kwanza, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Saini kwamba mmeokolewa kwenye bahari yetu."

Kapteni akasaini juu ya mgongo wangu, bila kusoma hata mstari mmoja.

Ndipo kamba ikaja. Wimbi likaibeba, likaipitisha chini ya boti yao. Tukasikia mlio kama mtu anasaga meno.

Kamba imejisokota kwenye propela. Injini yao nayo, kimya.

Sasa tukawa wawili tunaoelekea kwenye miamba.

Ndugu msomaji, ukiwa nchi kavu, mpaka wa bahari ni mstari kwenye ramani. Ukiwa majini, ni mtu anayesubiri umtaje yeye kabla hajakunyooshea mkono.

Yule afisa akasogea ukingoni mwa boti yake, hatua chache tu kutoka kwetu. Safari hii hakutumia redio.

"Ndugu yangu, wale wa kusini bado unawaona?"

"Kwa mbali."

Akatazama nyuma kama kuna mwenzake anasikia.

"Waite. Waambie hii bahari ni yao."