Kichuguu cha Katikati ya Uwanja

Sisi tuliokulia nyuma ya soko la Migori hatukuhitaji kalenda. Ukitaka kujua ni msimu gani, ulichungulia tu uwanja wa mjini. Ukiona mahindi yameanikwa juu ya magunia na mtu anafukuza kuku kwa kiatu, mavuno yameingia. Ukisikia wahubiri wanajaribu spika, "moja, mbili, moja, mbili", shule zimefungwa Agosti. Desemba ilikuwa ya mpira, timu ya sokoni na timu ya watu wa boda, na refa alikimbia kuliko wachezaji wote, maana alijua siku akikosea ni miguu yake tu itakayomtetea. Na mvua za masika zikishuka, uwanja wote ulikuwa wa kumbikumbi.

Katikati pale kilisimama kichuguu kirefu kama mtoto wa darasa la tatu. Kwetu Wajaluo kichuguu huwa na mwenyewe, kama vile ng'ombe ana mwenyewe. Lakini hiki kilikuwa kwenye ardhi ya serikali, kwa hivyo kilikuwa cha kila mtu, na mkubwa wa kila mtu alikuwa mama yangu, aliyeuza mboga kwenye kona ya uwanja. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa wa kwanza kufika, na sauti yake ilifika kabla yake.

Mvua ikinyesha alfajiri halafu jua litoke, mama aliacha sukuma wiki zake hapo hapo. "Watoto, vijiti." Tulichomeka fito, tukafunika kichuguu kwa turubai, tukaacha mlango mdogo wenye shimo chini yake. Kisha tuliketi kwenye matope tukigonga vijiti juu ya ubao, taratibu, ili walioko chini wadhani bado kunanyesha, watoke. Ukigonga kwa pupa, mama alikukata jicho. "Atieno, hiyo ni mvua ama ni polisi wanabisha?"

Turubai lenyewe lilikuwa la Mzee Swaleh, mwenye duka la vitambaa, aliyehamia Migori kutoka Mombasa kabla sisi hatujazaliwa. Lilikuwa turubai la kuswalia Idi pale pale uwanjani. Yeye kumbikumbi hakula. Alisimama mbali, kanzu ameikunja isiguse tope, akitikisa kichwa.

"Mama Atieno, nyinyi mnakula vitu vinavyoruka."

"Na kuku je, Mzee?"

"Kuku haruki. Anajaribu tu."

Turubai lilirudi kwake limeoshwa na kukaushwa, na kila siku ya kuamkia Idi, akina mama wa mboga ndio waliofagia uwanja. Hakuna aliyeandikiana na mwenzake. Shangazi yangu wa Homa Bay naye alikuja na omena, dagaa wa ziwani, waliokauka na kurudi na kumbikumbi waliokauka. Na wale wabichi walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, ugali wa mtama pembeni. Ukila vile, hata ukiitwa kucheza unajifanya hujasikia.

Sasa uwanja ule umetengenezwa upya, na mimi nimo. Shule yangu haikufika mbali, lakini mikono yangu ilipata kazi ya kutandika kabro, yale matofali ya njia, na siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa nikiweka tofali moja naona watu wanatembea juu yake na viatu vya harusi. Mitaro ilichimbwa ili mpira usichezwe tena kwenye bwawa. Jukwaa likajengwa, taa zikasimama, miti ikapandwa. Kitu kimoja tu kilininyima raha. Njia kuu ilikuwa ipite juu ya kichuguu, na kichuguu kilikuwa kisawazishwe.

Mama alipopata habari hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. "Cha serikali ni cha serikali," alisema, akausukuma ugali wake upande.

Nikamwendea msimamizi wetu, Owino, kijana wa Oyugis. "Atieno," akaniambia, "kwa ramani hakuna kichuguu."

"Lakini kwa uwanja kiko."

Akacheka. Tingatinga lilikuwa lije kesho yake.

Kesho yake kulinyesha alfajiri, halafu jua likatoka. Tukiwa tunasubiri tingatinga, tukaendelea kushindilia udongo kwa ile mashine inayorukaruka kama beberu, du-du-du-du, hadi karibu na kichuguu. Nikaona bawa moja linapepea. Halafu mengi. Halafu hewa yote ikawa mabawa. Walioko chini walikuwa wamesikia mvua.

Owino alifungua mdomo atoe amri, na mmoja akatua kwenye mkono wa shati lake. Akamshika, akamng'oa mabawa, akamtafuna, kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa. "Omera, ndugu yangu, zima mashine," akamwambia mwenye mashine. Kisha, "Hapana, washa. Washa. Lakini polepole."

Helmeti zikawa mabakuli. Mama akaja mbio na beseni. Mzee Swaleh, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo, akamtuma mjukuu wake alete turubai. Owino akampigia injinia simu, akamweleza habari ya kupindisha njia kwa Kiingereza kirefu sana. Injinia akauliza tu kama kuna kumbikumbi waliobaki. Basi Owino akachukua chokaa, akachora njia upya ikizunguka kichuguu. "Kwetu Oyugis," akasema, "ukimbomolea mtu nyumba siku aliyokulisha, utasemwa hadi kwenye matanga yako." Kona ile ya kabro niliitandika kwa mikono yangu.

Leo uwanja unapendeza jamani. Idi iliyopita akina mama walikuja na mifagio yao, wakakuta hakuna cha kufagia, wakafagia hata hivyo. Sisi utotoni tuliketi kwenye matope na hatukuwa na haraka. Vijana wa leo wana benchi nzuri na hawakai. Mvua ikikatika jioni, kumbikumbi wanajiendea wenyewe kwenye taa, na watoto wanakimbia na simu juu wakirekodi "wadudu", huku wakitafuta chipsi.

Juzi mama alikuwa ameketi benchi, wima, kama mtu aliye kanisani kwa watu, akigonga vijiti kwenye ubao wa benchi. Msichana mmoja mdogo akamsogelea, akamwita nyanya kwa Kijaluo.

"Dani, mbona unagonga? Si wanakuja tu kwa taa?"

"Hao wamevutwa," mama akasema. "Mimi nawaalika."

Msichana akaiweka simu kando, akanyoosha mikono apewe vijiti. Akaanza kupiga kama anayefukuza mwizi. Mama akamkata lile jicho, nami nikaketi chini kwenye nyasi mpya, maana nililijua neno linalofuata.

"Nyathina, mwanangu, hiyo ni mvua ama ni polisi wanabisha?"