Shahidi wa Kwenye Michongoma

Dada yangu Mwanahawa hasahau. Ukimwona pale Kilakala anachambua mchicha kibarazani, utasema huyu mama mpole. Mkosee uone. Atacheka, atakupa na chai, halafu atakuweka. Namsifu kwa hilo, maana tabia hiyo kairithi kwangu, kaka yake Mikidadi.

Mwaka jana alikuwa anafuga kuku wa sherehe ya kumtoa mwali, binti yake Zawadi. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo firigisi zote za siku ile zilikuwa haki yangu, na nilikuwa nimeshaanza kuziota. Mara kuku wakaanza kupungua. Leo tembe, kesho vifaranga, na manyoya yametapakaa chini ya uzio wa michongoma.

Ng'ambo ya uzio anakaa Benedikto, baba Oscar, karani mstaafu, mwenye mbwa mwekundu anayeitwa Kamanda.

"Kamanda wangu anakula wali na dagaa, mama Zawadi," alimjibu dada yangu Hawa alipomuuliza. "Tafuta kicheche wako huko."

Asubuhi moja Hawa akasikia mluzi nyuma ya banda la kuku: mmoja mrefu, miwili mifupi ya kupanda. Mtaa mzima unaujua, ndio baba Oscar anaomwitia mbwa wake. Hawa akabeba mchi, akaenda kusimama mlangoni kwa jirani.

"Toka! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

Akatoka Grace, mke wa Benedikto, na upawa mkononi. "Baba Oscar yuko Dakawa anavuna mpunga, dada. Na mbwa kaenda naye."

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Benedikto aliporudi na magunia yake alikwenda moja kwa moja kwa mzee Yunusi, mjumbe wetu: Mwanahawa amwombe radhi mbele ya watu, ama sivyo ijulikane kwamba ni mwongo anayesikia miluzi ya majini. Watoto wakawa wanampigia Hawa miluzi akienda sokoni. Wale wanawake ambao wangekuja kumchezea ngoma binti yake wakaanza kutafuta visingizio.

Mimi nilishauri sumu.

"Mbwa hana kosa, kaka," alisema. "Namtaka mwenye mdomo."

Sasa jueni kwamba utoto wetu tuliumalizia Dakawa, juu ya dungu la kulindia shamba, tukiamia, yaani tukifukuza ndege wasile mpunga wa baba, kwa debe na kombeo. Yeye alikuwa anasikiliza, mimi nilikuwa nalala, makusudi kabisa, ili mdogo wangu apate nafasi ya kujifunza. Basi jioni moja akaketi nyuma ya banda na ungo mapajani kama mtu apetaye mchele. Mluzi ukaja, kutoka ndani kabisa ya miiba. Safari hii hakunyanyuka. Mluzi ukageuka kilio cha mwewe, kilio kikageuka hua, kisha mluzi tena.

"Kaka, binadamu gani anapiga mluzi, anakuwa mwewe, anakuwa hua, bila kuvuta pumzi?"

"Jini," nikasema.

"Ndege. Yule mwigaji, mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Anakaa gizani kwenye miiba, mwaka mzima humwoni."

Mimi nilikuwa najua. Darasa la tano sikuishia bure. Nilikuwa nampima tu.

"Na huyu haigi asichokisikia," akaendelea taratibu. "Tena lazima akisikie mara kwa mara. Nani alikuwa anamfundisha mluzi ule, hapa, kwenye banda langu?"

Akatabasamu. Nikamwonea huruma Benedikto, kidogo, halafu nikaacha.

Akapeleka ujumbe kwamba yuko tayari kuomba radhi, uani kwake, jioni, watu wote waje. Benedikto alifika na shati lililopigwa pasi. Hawa akamkalisha kiti cha mbele, akamjazia vitumbua, akamwongezea.

"Omba radhi basi, mama Zawadi, jua linakwenda."

"Kula kwanza, baba Oscar. Mtu mzima haombwi radhi na njaa."

Kivuli cha mlima kilipofika uani, mluzi ukalia. Watu wote wakamgeukia Benedikto. Mashavu yamejaa kitumbua! Mluzi ukalia tena. Kwa jirani kamba ikakatika, tukaona kichwa chekundu kinatokeza chini ya michongoma, nyuma ya debe bovu ambalo hakuna aliyewahi kulisogeza. Kamanda hakumnusa mtu. Akazunguka kinu, akapita kati ya viti, akaliendea banda na kuusukuma ubao wa mlango kwa mguu kama mpangaji arudiye nyumbani.

"Baba Oscar," mjumbe akasema, "mbwa wako njia anaijua."

"Lakini mimi sijapiga mluzi!"

"Kapiga mwanafunzi wako," Hawa akasema. "Ulikuwa unasimama nyuma ya uzio kila alfajiri unamwita huyu arudi. Ulijua aliko. Ukaniita mwongo."

Mzee Yunusi akamuuliza Hawa anataka alipwe nini. Tukadhani atasema kuku.

"Aamie," akasema.

Basi hadi siku ya ngoma Benedikto alikaa kigodani kando ya banda, ubavuni mwa njia, na debe na fimbo, karani mzima anawafukuzia mwewe vifaranga vya Mwanahawa. Watoto wale wale wakampigia miluzi. Mimi nilipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, Mwalimu wa Ndege!"

Zawadi alitolewa, ngoma ikajaa. Firigisi nilizila mbele ya baba Oscar, polepole. Yeye kwenye sahani yake aliwekewa miguu.

Mbwa sasa anafungwa mtini kwa mnyororo. Ila ndege bado yupo, na kila alfajiri akipiga mluzi Kamanda anataka kung'oa mti, na Benedikto anatoka mbio na msuli wake wa kulalia kumshika. Hawa huwa keshaamka. Ameweka chungu kilichovunjika chini ya michongoma, anakijaza maji safi ili ndege asihame.

Juzi nikamwambia, mdogo wangu, imetosha sasa.

"Nani kasema imetosha?" akaniuliza, akaongeza maji.